Nahodha Hodari Bado Humngoja Rubani

Mifuko 20 ya simiti ilitoka dukani Magongo, hapa Mombasa, mapema asubuhi, ikapita Makupa, ikavuka feri, na kabla ya adhuhuri ikawa imepangwa ukutani kwa mzee mmoja wa Mtongwe. Muda si muda mzee akapiga simu dukani. "Mwanangu, simiti nimeipokea, ahsanteni. Lakini mimi sijalipa. Simu yangu ilizima jana usiku nikiwa katikati ya kuagiza. Leo naiwasha naona mwaniambia malipo yangu yamefika. Yamefika vipi?"

Alikuwa mtu mwaminifu, akalipa papo hapo. Duka halikupoteza shilingi. Swali lake, hata hivyo, lilinikaa moyoni, kwa sababu aliyemwambia kwamba malipo yamefika hakuwa karani wala mwenye duka. Alikuwa wakala wa akili unde: programu inayopokea oda za WhatsApp usiku watu wakiwa wamelala, inayomjibu mteja kwa Kiswahili, inayomtumia ombi la malipo na kupanga gari la mzigo. Wakala huyo nilimtengeneza mimi. Maelezo ya zana aliyoitumia kudai pesa niliyaandika mimi pia, mstari mmoja, usiku wa manane, kazi nyingine zote zikiwa zimekwisha: "Hupokea malipo ya mteja kwa M-Pesa."

Nilipowasimulia wenzangu wa kazi hii, hukumu yao ilikuwa moja. Walisema modeli niliyotumia haina akili ya kutosha, basi ningoje toleo lijalo, tatizo litaondoka lenyewe. Hakuna aliyeniuliza niliandika nini kwenye yale maelezo.

Maoni hayo ndiyo yanayotawala leo, na si ya watu wavivu. Yana hoja, tena hoja yenye ushahidi. Mbinu nyingi tulizohangaika nazo mwaka 2023, za kuibembeleza modeli na kuirudia neno lile lile mara tatu, leo hazihitajiki. Kila toleo jipya huelewa zaidi kwa kuambiwa machache. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake ana haki ya kujiuliza: kwa nini nipoteze siku nzima nikiandika maelezo ya zana, ilhali miezi sita ijayo modeli itaelewa kwa jina la zana peke yake?

Nayakataa maoni haya, na nataka kuonyesha kwamba kosa lake liko kwenye mzizi. Yanachanganya vitu viwili ambavyo wazee wetu hawakuvichanganya: akili na habari.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Modeli ya lugha ikiwa peke yake hujua kuandika tu. Haiwezi kutazama stoo kama kuna nondo, wala kutuma ombi la pesa, wala kumpigia dereva. Ili itende, hupewa zana, na kila zana hufika mbele yake ikiwa na vitu vitatu: jina, vigezo inavyovihitaji, na maelezo. Ndani ya zana mna mistari mingi ya programu, lakini kwa kawaida wakala haioni. Anachokiona ni hivyo vitatu tu, hasa ile aya uliyomwandikia. Kwake, aya hiyo ndiyo zana. Ukimwandikia "hupokea malipo", basi katika ulimwengu wake hicho ni kitu kinachopokea malipo, na kikirudisha neno "imefaulu", malipo yamepokewa. Wakala wangu hakukosea hata hatua moja. Alisoma nilichoandika akaniamini.

Sasa tazama kilichokuwa nyuma ya pazia. Mfumo wa Daraja, ambao Safaricom imewafungulia waandishi wa programu ili mifumo yao izungumze na M-Pesa, hujibu ombi la malipo mara mbili. Jibu la kwanza huja papo hapo, na likiwa sifuri maana yake ni kwamba ombi limepokewa, litashughulikiwa. Mteja bado hajagusa simu yake. Jibu la pili huja baadaye, baada ya mteja kuweka nambari ya siri, au kughairi, au kutopatikana. Sifuri ya hapo ndiyo pesa. Ikija 1032, mteja amelighairi ombi. Ikija 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Ikija 1, salio halitoshi. Sifuri ni mbili, kila moja na maana yake, na zana yangu ilimpelekea wakala ile ya kwanza ikiwa tupu, imevikwa neno "imefaulu".

Niambie, ni akili ya kiasi gani itakayoitazama sifuri hiyo na kujua kwamba ni ya kwanza wala si ya pili? Katika mfumo huo huo, neno la kutambulisha akaunti kwenye ombi la malipo halizidi herufi 12. Kwa nini 12 na si 20? Hapana hesabu wala falsafa itakayokufikisha hapo. Watu fulani waliamua hivyo siku fulani, na njia ya kuujua uamuzi wao ni kuambiwa, au kugonga mwamba ndipo ujifunze. Akili hufanya kazi juu ya habari iliyopo. Haizai habari isiyokuwepo. Anayengoja modeli ijayo iyajue ambayo hakuna aliyeiandikia, anangoja mvua kwenye kisima kilichofunikwa.

Sisi wa Mombasa hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa maana linapita mbele ya macho yetu kila siku. Simama kivukoni Likoni utazame meli ya makasha ikiingia Kilindini. Nahodha wake amevuka bahari kubwa, ana vyeti, ana mitambo inayomwonyesha alipo kwa mita. Hata hivyo akifika nje ya mlango wetu hupunguza mwendo akangoja. Boti ndogo humwendea, rubani wa bandari akapanda ngazi ya kamba, na kuanzia hapo nahodha husikiliza. Hakuna anayesema nahodha hana akili, wala hakuna anayesema tungoje manahodha wa kizazi kijacho, watauingia mlango wa Kilindini bila kuelezwa. Rubani anajua mkondo huu unavuta wapi maji yakitoka, na feri hukata njia kwa namna gani. Hayo ni ya mahali hapa, na mgeni huyapata kwa mwenyeji.

Jambo hili ni la kale. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa akiwa ameizunguka Afrika kwa upande ambao hakuna meli ya nchi yake iliyowahi kuumaliza. Ujuzi wa bahari alikuwa nao. Hata hivyo hakuthubutu kuvuka kwenda India kwa ujuzi huo. Alikwenda Malindi akaomba rubani, akapewa, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei akawa amefika pwani ya India. Manahodha wa bahari hii walikuwa na vitabu vyao vya kuongozea njia, vikiitwa rahmani, na neno letu ramani limetoka huko. Leo tukisema ramani tunafikiria mchoro. Rahmani ilikuwa maneno: ondoka bandari hii msimu fulani, nyota fulani ikiwa urefu fulani juu ya upeo, ukiona kilima cha namna hii jua uko hapa, usikaribie pwani ile kwa sababu ya miamba. Ahmad bin Majid, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alimaliza umri wake akitunga maelezo ya aina hiyo kwa watu waliokwisha kuwa mabaharia. Hakuwadharau kwa kuwaeleza. Aliwaheshimu kwa kutowaachia wakisie mahali ambapo kukisia kunazamisha chombo.

Hiyo ndiyo kazi ya maelezo ya zana: ni rahmani. Huandikiwa msomaji mwenye akili ambaye hajawahi kufika hapa.

Hoja yangu ya pili inawauma zaidi wanaongoja toleo jipya. Wanadhani akili ikiongezeka, madhara ya maelezo mabovu yatapungua. Nimeona kinyume chake. Modeli dhaifu ikikosa habari hukwama. Hurudisha kosa, ukaliona, ukalitengeneza. Modeli yenye nguvu ikikosa habari huliziba pengo kwa dhana inayoingia akilini, ikaendelea na kazi kwa ufasaha, ikaandika ujumbe wa shukrani, ikapanga gari na kuchagua njia. Kosa haliji tena likiwa na taa nyekundu. Huja limevaa kanzu safi. Yule mzee wa Mtongwe hakupokea ujumbe uliovurugika. Alipokea Kiswahili sanifu chenye adabu kikimwambia jambo la uongo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na sijapata kuona kauli hiyo ikitimia waziwazi kama hapo.

Hata wanaozitengeneza modeli hizi wamekiri kwamba zana ndizo zinazotaka kushughulikiwa. Desemba 2024 kampuni ya Anthropic ilieleza jinsi ilivyotengeneza wakala wa kurekebisha programu za kompyuta, ikasema ilitumia muda mwingi kuziboresha zana kuliko kuyaboresha maagizo makuu. Wakala wao alikuwa akikosea baada ya kuhama kutoka folda kuu, kwa sababu zana ilikubali anwani fupi ya faili, ile inayotegemea mahali ulipo. Walibadilisha zana idai anwani kamili kila mara, na kosa likaondoka. Wenye modeli, waliokuwa na kila sababu ya kungoja modeli yao iwe na akili zaidi, waliirekebisha zana. Kama wao walikaa chini wakatazama maneno na vigezo vya zana zao, sisi wa Magongo tunangoja nini?

Nije kwenye hoja ninayoijali kuliko zote, kwa sababu inahusu lugha yetu na mahali petu. Yapo mambo ambayo hayataelezwa na mtu yeyote tusipoyaeleza sisi.

Chukua saa. Mteja wa Kisauni anaandika, "nileteeni kesho saa mbili." Zana ya kupanga usafiri ina kigezo kinachoitwa "saa". Modeli za siku hizi zinajua kwamba saa mbili ya Kiswahili ni 08:00 au 20:00. Lakini je, zinajua kwamba duka hili hili lina wateja wanaoandika "saa 2" wakimaanisha alasiri, kwa sababu wamezoea saa ya ofisini? Zinajua kwamba dereva husoma ratiba kwa saa ya simu yake? Pasipoandikwa kwamba kigezo hicho ni cha saa 24, na kwamba mteja asipotaja asubuhi au usiku aulizwe kwanza, kuna siku gari litafika Mishomoroni alasiri mafundi wamekwisha kwenda zao.

Chukua siku. Jumatatu kwa jina lake ni siku ya tatu, kwa kuwa juma letu linaanzia Jumamosi. Katika kanuni ya kimataifa ya tarehe, Jumatatu ni siku ya 1. Katika baadhi ya lugha za programu Jumapili ni 0, na Jumatatu hapo pia ni 1. Ukiandika kigezo "siku: nambari 1 hadi 7" ukanyamaza, umetega mtego kwa mikono yako mwenyewe. Ukidai tarehe kamili, mwaka na mwezi na siku, mtego haupo. Ukimweleza wakala pia kwamba mtondo ni siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo ni inayofuata mtondo, mzee wa Jomvu Kuu ataagiza kwa lugha yake na mzigo ufike siku aliyoitaka.

Chukua mahali. Kwenye toleo langu la kwanza, zana ya nauli ilikuwa na kigezo chenye chaguo mbili, "mjini" na "nje ya mji". Mimi nilimaanisha ndani ya kaunti na nje yake. Mtu wa Likoni anaishi ndani ya Kaunti ya Mombasa, lakini akitaka kuvuka husema naenda mjini, au husema kabisa naenda Mombasa. Kwake yeye, yuko nje ya mji. Wakala alipomuuliza, alijibu kwa ukweli wake, na bei ikatoka ya kaunti jirani. Tena zana ile ilipima umbali kwa mstari ulionyooka, na kwa mstari ulionyooka Likoni iko mita mia chache tu kutoka kisiwani. Katikati pana maji. Mzigo kutoka Changamwe kwenda Likoni una njia mbili: kupita kisiwani ukapange foleni ya feri, au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Ipi ni nafuu hutegemea saa na uzito wa gari. Dereva yeyote wa steji ya Magongo anayajua haya bila kufikiri. Wakala hayajui mpaka dereva yule aulizwe na jibu lake liandikwe.

Hayo hayatakuja kwa toleo jipya kutoka California. Yatatoka Changamwe au hayatatoka kabisa.

Najua kuna wanaoisoma hoja hii wakaenda upande wa pili kwa kishindo. Basi tuandike kila kitu, wanasema. Tubandike mwongozo wote wa mfumo, kurasa 15, wakala asome mwenyewe. Nao nawapinga, kwa nguvu ile ile. Kila neno la maelezo hubebwa na wakala katika kila zamu ya kazi, linachukua nafasi na kula gharama, na lile moja la muhimu hufunikwa na mia yasiyo na kazi. Nimeona mfumo wenye zana karibu 40, tatu kati yake zikiitwa "tafuta_bidhaa", "pata_bidhaa" na "angalia_bidhaa", kila moja na aya ndefu, na hakuna aya iliyosema tofauti yake na jirani yake. Binadamu mgeni angechagua vipi hapo? Angechagua kwa kubahatisha, kama alivyofanya wakala. Dawa ilikuwa kuziunganisha mbili, kuifuta moja, na kuandika sentensi ya kusema lini utumie hii na lini usiitumie. Rubani hamsomei nahodha historia ya bandari. Humwambia yale ambayo asipoyajua chombo kitakwama.

Kuna pia wanaosema maelezo lazima yawe kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi hii ni ya wenye Kiingereza kizuri. Hapa nitakubali sehemu. Ni kweli kwamba modeli nyingi zimefunzwa kwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza, na kwamba sentensi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi, kwa hiyo hugharimu zaidi. Anayetaka kuandika maelezo yake kwa Kiingereza na aandike. Lakini lugha ya maelezo ni jambo moja, na maana inayobebwa ndani yake ni jambo jingine. Maana ya "mtondo", ya "mjini", ya "nitalipa mwisho wa mwezi" inayosemwa na fundi anayeaminika dukani, iko kwa wenye lugha hii. Mtu asiyeijua maana hiyo hawezi kuitia kwenye maelezo kwa lugha yoyote. Nami nimegundua kwamba nikiandika kwanza kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa na watu wa kazi, pengo huonekana upesi, kwa sababu wao husoma na kunikatiza: "La, sivyo."

Hivyo ndivyo nilivyoyaandika upya maelezo ya malipo. Nilikwenda Magongo nikakaa kaunta na dada anayepokea pesa, nikamsomea mstari wangu. Hakuhitaji hata dakika. "Lakini sisi hatutoi mzigo mpaka ujumbe uingie," akasema. Hiyo ndiyo sheria ya kila kibanda cha M-Pesa pwani hii tangu huduma ilipoanza mwaka 2007. Kwetu neno wakala kabla ya kuwa la programu lilikuwa la mtu wa kibanda, na wakala wa kibandani hatoi noti kwa sababu mteja amesema ametuma. Hungoja ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Maarifa niliyoyakosa yalikuwa yamekaa kaunta muda wote huo, mita mbili kutoka mlangoni, na mimi nilikuwa sijayauliza.

Maelezo mapya yanasema hivi:

"Zana hii humtumia mteja ombi la kulipa kwa M-Pesa. Mteja huliona kwenye simu yake na kuweka nambari ya siri. Itumie baada tu ya mteja kuiona jumla ya bei na kuikubali. Jibu 0 kutoka zana hii lina maana kwamba ombi limepokewa. Halina maana kwamba mteja amelipa. Usimwambie mteja kwamba malipo yamefika, na usipange gari, mpaka zana ya angalia_hali_ya_malipo irudishe 0. Ikirudisha 1032, mteja ameghairi: muulize kama bado anataka mzigo. Ikirudisha 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati: mwandikie kwamba huenda ombi halikumfikia, na usitume jingine mpaka ajibu. Ikirudisha 1, salio halikutosha: mweleze kwa upole, usitaje kiasi kilichopungua. Nambari ya simu ni tarakimu 12, huanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Mteja akiandika nambari inayoanza na 07 au 01, ondoa sifuri ya mwanzo uweke 254. Kiasi ni shilingi kamili, bila senti. Utambulisho wa akaunti hauzidi herufi 12. Tumia nambari ya oda, usitumie jina la bidhaa."

Maneno hayo hayafiki kurasa 15. Yanatosha kusomwa kwa dakika moja. Hakuna sentensi ndani yake iliyowekwa kwa kupamba; kila moja inajibu swali ambalo mgeni mwenye akili angeuliza kama angekuwa na mtu wa kumuuliza. Misimbo, tarakimu na mipaka vinatoka kwenye mfumo. Mengine yanatoka kaunta, mpaka lile la kumficha mteja aibu ya salio, ambalo dada yule alilitaja bila kuulizwa.

Wakosoaji wana hoja moja iliyobaki, na ni nzito: maneno si kufuli. Wakala anaweza kusoma maelezo mazuri na bado akakosea, kwa hiyo mambo ya pesa yalindwe na programu yenyewe. Nakubali bila masharti. Dukani sasa zana ya kupanga gari inakataa kabisa kupanga kama malipo hayajathibitishwa, hata wakala akiomba mara mia. Lakini hoja hii haiwasaidii wanaongoja modeli ijayo. Kufuli pia ni kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri zana itatumiwaje na nani. Na wakala anayegonga kufuli bila kuelezwa kwa nini, atamwambia mteja nini? Atabuni sababu. Hata kukataa kwa zana kunataka sentensi safi: "Gari halikupangwa kwa sababu malipo ya oda hii hayajathibitishwa, angalia hali ya malipo kwanza." Ukiandika "kosa 403" umemrudisha kwenye kukisia.

Jambo hili linazidi kuwa zito kadiri zana zinavyosafiri. Novemba 2024 Anthropic ilitoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, inayowezesha zana iliyoandikwa na mtu mmoja kutumiwa na wakala wa mtu mwingine popote. Kanuni hiyo imepokewa na wengi. Maana yake ni kwamba zana ya nauli iliyotengenezwa Bamburi inaweza kusomwa kesho na wakala aliyetengenezwa na mtu ambaye hajui kama Likoni kuna maji. Huyo hutamwona umsahihishe. Aya yako ndiyo itakayosimama mahali pako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaofanya kazi hii, kuanzia Mtopanga hadi Shika Adabu, ni kuigeuza ratiba. Maelezo yaandikwe kabla ya programu, mchana, mkiwa na anayeifanya kazi hiyo kwa mikono. Yakikataa kuandikika, jua kwamba zana yenyewe haijaeleweka, ivunje au iunganishe. Kisha mpe mtu mgeni kabisa, ndugu anayetafuta kazi, mwambie aigize wakala kwa kutumia karatasi hiyo tu bila kukuuliza. Kila mahali atakapoinua kichwa kukutazama ni mahali palipokosa neno. Wakala hawezi kuinua kichwa. Na kila mara wakala atakapoita zana vibaya, kabla ya kuilaumu modeli, soma tena ulichoandika kwa macho ya mtu ambaye hajui kitu kingine chochote.

Kazi hii haina sifa. Hakuna anayepigiwa makofi kwa sentensi inayosema sifuri hii si ile. Lakini miezi kadhaa baada ya simiti ile, mzee wa Mtongwe aliagiza tena, mabati safari hii, na simu yake ikazima tena kabla ya ombi kumfikia. Alipoiwasha alikuta ujumbe: "Mzee, huenda ombi la malipo halikukufikia, labda simu yako haikupatikana. Mabati tumekuwekea. Ukiwa tayari tuandikie, tutatuma tena." Modeli iliyouandika ujumbe huo ni ile ile iliyomwambia malipo yamefika. Hatukuibadilisha.